Maili za Mzee Johana

"Johana arap Sitonik ni nani?"

Bwana Robert Onyancha aliingia ofisini na swali hilo Alhamisi asubuhi, tarehe tano Disemba, kabla ya salamu, kabla hata ya kuvua koti lililolowa mvua ya Kericho. Alikuwa amebana faili kwapani. Alikuwa ametoka Nairobi bila kupiga simu, na mkubwa anayekuja bila kupiga simu hajaleta heri.

Kwa anayekutana na Dorcus Anyango leo kwa mara ya kwanza, huyu ni karani wa Shirika la Ndege la Mbayuwayu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili. Mumewe Gordon alimwacha mwaka wa tisini na nne. Mwaka huohuo shirika likamtoa uwanja wa ndege wa Kisumu na kumtupa Kericho, kwenye ofisi ya chumba kimoja na simu moja. Binti yake wa miaka sita alibaki Kisumu kwa nyanya yake, Eucabeth. Dorcus alimwona mara moja kwa mwezi. Mara ya mwisho alipokwenda, mtoto alimpokea kwa adabu na kumwita anti.

Basi Dorcus akamjibu mkubwa wake kwamba Mzee Johana ni mteja. Mwalimu mstaafu na mkulima wa chai kutoka pande za Sigowet. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, alipeleka Mombasa sampuli za chai za kiwanda cha wakulima wadogo, kwa madalali wa mnada. Zamani sampuli zilikwenda kwa basi na kufika zikinuka dizeli. Mzee ndiye aliyewashawishi wakubwa wa kiwanda wamlipie ndege, ile nauli rahisi ya Jumanne, siku ambayo ndege huondoka Kisumu nusu yake haina watu.

"Na nani alimfundisha kukata safari vipande vinne?"

Ni yeye Dorcus aliyemfundisha.

Mbayuwayu lilikuwa na kadi ya maili. Kila ukiruka unagongewa muhuri, na maili zikifika laki moja na elfu ishirini unapewa tiketi ya bure ya London, kwenda na kurudi. Sharti lilisema kila mruko, hata ule mfupi kabisa, uhesabiwe maili mia tano. Aliyelipa nauli kamili alikwenda Mombasa kwa mruko mmoja. Wa nauli rahisi alishushwa Nairobi, akangoja saa nne kwenye kiti cha plastiki, akapandishwa ndege nyingine. Kwenda miruko miwili, kurudi miwili. Kwa hiyo aliyelipa kidogo alivuna maradufu ya aliyelipa sana. Dorcus aliliona hilo kwenye karatasi ya masharti, akamwonyesha mzee, na mzee akalishika kwa zaidi ya miaka miwili.

Onyancha alifungua faili. Ndani mlikuwa na orodha ya majina thelathini na minane ya wateja wa Kericho na Bomet, wote wa nauli rahisi, wote wamekaribia kufika.

"Nairobi wamebishana mwaka mzima," akasema, safari hii ameketi. "Wengine wanasema hawa watu wanatumaliza. Wengine wanasema hawa ndio wanatubeba. Mimi nimepiga hesabu. Pande zote ziko sawa."

Akaeleza polepole, kama mtu anayefurahia kueleza. Kiti cha Jumanne kilikuwa kinaruka bila mtu. Mzee Johana amekilipia mara sitini, na bila ile kadi angekuwa amebaki kwenye basi. Hapo shirika limekula. Lakini siku atakapokalia kiti cha London mwezi wa Disemba, kiti ambacho mwingine angekilipia pesa nzima, hapo atakuwa ameila faida yote na kuramba sahani.

"Kwa hivyo mteja mzuri ni yule anayekusanya na hafiki," akamaliza. "Huyu wako amefika."

Kisha akatoa nakala ya kadi ya mzee na kuweka kidole kwenye mwezi wa Juni. Mihuri minne ya Jumanne moja. Majina ya abiria wa siku hiyo yalikuwa chini yake, na la Johana halikuwemo.

Dorcus aliikumbuka Jumanne hiyo vizuri. Mzee alikuja na sampuli mkononi na telegramu mfukoni. Binti yake Janeffer, muuguzi huko London, alikuwa amefariki. Mzee alikaa kwenye benchi la ofisi hadi ndege ikaondoka Kisumu bila yeye. Dorcus hakujua amfanyie nini mtu wa namna hiyo. Akachukua kadi yake, akamgongea mihuri minne. Hakuombwa. Hakulipwa.

Akamwambia Onyancha ukweli wote. Akamwomba atoe zile maili elfu mbili, maana hata zikitolewa mzee anabaki na laki moja na elfu ishirini kamili.

"Najua," Onyancha akasema. "Ndiyo maana kutoa elfu mbili hakunisaidii."

Karatasi ilikuwa tayari imepigwa chapa. Ilisema kwamba yeye, Dorcus Anyango, alikuwa akigonga kadi ya Johana arap Sitonik mara kwa mara bila safari yoyote, kwa maombi ya Johana mwenyewe. Akitia sahihi, Januari anarudi Kisumu. Asipotia, Onyancha anavuka barabara hadi kituo cha polisi na ile mihuri minne ya Juni.

Dorcus, anapoyasimulia haya, hasemi alilazimishwa. Anasema aliisoma karatasi mara mbili, akauliza kama Kisumu ni uwanjani au ofisi ya mjini, akaambiwa uwanjani. Ndipo akaandika jina lake.

Siku iliyofuata, Ijumaa, Mzee Johana alifika na mkewe, Mama Phyllis. Mzee alivaa suti ya kanisani. Walibeba sanduku dogo, wakitaka kujua kama litaruhusiwa ndani ya ndege.

Safari ilikuwa ya Jumanne. Maili zile mzee alikuwa amezikusanya ili akamwone Janeffer akiwa hai, lakini sasa alikuwa anakwenda kumchukua mtoto wake. Janeffer alikuwa ameacha msichana wa miaka minne, Chepkorir, na baba wa mtoto hakujulikana aliko. Familia moja ya huko ilikuwa inamtunza na ilitaka kumchukua moja kwa moja. Korti ingekaa Alhamisi, tarehe kumi na mbili. Barua ya korti ilisema wazi: ndugu wa damu afike mwenyewe siku hiyo, asipofika, mtoto ni wao.

Kanisa lilitaka kumchangia mzee nauli. Alikataa, akawaambia tiketi anayo, amekwisha kuitolea jasho. Wakachanga kwa ajili ya viza na tiketi ya kumrudisha mtoto. Mama Phyllis alifuma sweta, na kwa kuwa hajui mjukuu wake ana ukubwa gani, aliipima kwa mtoto wa jirani.

Dorcus aliiona ile sweta juu ya nguo, sanduku lilipofunguliwa.

"Mzee," akasema, "hiyo tiketi imefutwa."

Mzee Johana alidhani ni tarehe imebadilishwa. Akasema hata Jumatatu yuko tayari. Dorcus akamweleza tena, kwamba mkubwa wake amekuja kutoka Nairobi akaifuta. Mzee akaomba kuona mahali palipoandikwa hivyo, na Dorcus, kwa sababu hakuweza kukitamka kilichoandikwa, akampa nakala ya karatasi yenyewe.

Alisoma kama mwalimu anayesahihisha, kidole chini ya mstari.

"Hapa inasema nilikuomba. Nilikuomba lini?"

"Hukuniomba."

"Na hii sahihi ni yako?"

"Ni yangu, mzee."

Mama Phyllis aliuliza kitu kwa Kipsigis. Mzee akamjibu kwa maneno machache. Mama akaishusha mikono yake kutoka kwenye meza, akaiweka mapajani.

Mzee hakupaza sauti. Alisema tu kwamba hajawahi kupenda ndege. Kwamba safari kumi za kwanza alitapika, na kwamba kila mara alikuwa akijiambia hizi ni nne zimepungua. Halafu akauliza yule mkubwa wa Nairobi analala wapi. Dorcus akamtajia hoteli. Mzee akakunja nakala mara nne, akaitia mfukoni, akatoka.

Mama Phyllis alibaki nyuma kidogo kulifunga sanduku. Zipu ilikuwa imeshika uzi wa sweta. Dorcus akainama kumsaidia. Mama akamwondoa mkono, bila hasira, kama unavyomwondoa kuku kwenye mahindi.

Jumamosi asubuhi faksi ilitoa barua mbili.

Ya kwanza ilisema kuanzia Januari nauli rahisi hazitahesabiwa maili tena, na kwamba maili za wateja thelathini na minane wa ofisi ya Kericho zimesimamishwa mpaka uchunguzi wa udanganyifu uishe. Yaani si mzee peke yake. Ile sahihi moja ya Dorcus ilikuwa imewafagia wote: mwalimu mkuu wa Longisa aliyetaka kumpeleka mkewe hospitali India, mwenye ng'ombe wa Chebunyo aliyekuwa akihesabia harusi ya mwanawe, wote.

Ya pili ilikuwa yake. Kwa kuwa amekiri kwa mkono wake kughushi mihuri, ameachishwa kazi. Akabidhi funguo saa sita mchana.

Alipiga simu hotelini. Onyancha alikuwa anakunywa chai. Dorcus alisikia kijiko kikigonga kikombe. Akamkumbusha ahadi ya Kisumu.

"Nilisema utarudi Kisumu," Onyancha akajibu. "Sikusema utarudi kazini."

Saa nne na kitu Mama Phyllis akasukuma mlango. Alikuwa peke yake, viatu vimejaa tope jekundu. Alisalimia, akakaribishwa, akakaa. Alisema mzee alitoka nyumbani kabla ya kukamua ng'ombe na hakuaga. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, lakini aliyotaka kusema alikuwa ameyapanga njiani.

"Juzi uliandika uongo juu ya kazi yako," akasema. "Kazi iko?"

"Haiko, mama. Imeisha leo."

"Basi andika ingine juu ya mtoto wangu."

Alifungua mfuko wa nailoni na kutoa pasipoti ya mumewe, akaiweka mezani na kuifunika kwa leso yake, kana kwamba ni chakula.

Dorcus alielewa anachoombwa. Kwenye droo ya chini mlikuwa na kitabu cha tiketi za safari za nje, zile za kuandikwa kwa mkono. Ukiandika leo, uwanja wa Nairobi utaipokea Jumanne bila swali, maana hakuna anayelinganisha vitabu mpaka mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi Chepkorir atakuwa ameshazoea maziwa ya Sigowet. Kitakachobaki ni karani aliyeandika "imelipwa" mahali ambapo hakuna aliyelipa. Huo si mhuri wa huruma tena. Huo ni wizi wa kiti cha London, na kifungo chake kinajulikana.

Alimfikiria binti yake na lile neno anti. Akafikiri: huyu wangu hanijui, na yupo kilomita themanini tu kutoka hapa.

Akafungua droo.

Aliandika jina la ukoo, Sitonik, akifunua leso kidogo kuangalia herufi. Akaandika Johana. Akaandika Nairobi, akaandika London, akaandika tarehe kumi. Kwenye nafasi ya nauli kalamu ilisimama kidogo, kisha ikaandika.

Nje gari likafunga breki.

Aliingia Bwana Onyancha, nyuma yake askari polisi aliyevaa sare, na nyuma ya askari, akiwa kwenye suti ileile ya kanisani, Mzee Johana.

Mama Phyllis alisimama. Mzee alipomwona alisita mlangoni, kisha akavua kofia, akatazama kalenda iliyo ukutani.

"Ni huyu," Onyancha akamwambia askari. Halafu akamgeukia mzee. "Rudia ulichoniandikia jana hotelini."

"Mwezi wa sita kuna siku sikusafiri," mzee akaiambia kalenda. "Huyu karani aligonga kadi yangu. Hiyo ni kweli."

Onyancha hakuona haja ya kuficha biashara yenyewe. Alimweleza Dorcus palepale, askari akisikia. Nairobi walikuwa wamesema sahihi ya karani aliyetishwa haitoshi kuwanyima wateja thelathini na minane haki yao, wanaweza kwenda kortini. Lakini mteja mwenyewe akisema mihuri ya Kericho ilikuwa ya uongo, hakuna wa kubisha. Na mzee huyu alikuja hotelini kwa miguu yake, bila kuitwa.

"Kiti kimoja nimempa," akasema. "Thelathini na saba nimebaki navyo. Hiyo faida hata mtoto wa darasa la pili anaiona."

Basi mzee alikuwa na tiketi. Ilikuwa mfukoni mwake, kwenye bahasha nyeupe yenye ndege ya samawati, na ilikuwa halali kuliko ile iliyokuwa mezani na wino mbichi.

"Binti yangu," Mzee Johana akasema, "nimeandika kilichotokea. Sikuongeza neno." Akaizungusha kofia. "Lakini najua wataifanyia nini."

Dorcus alimchukia kwa muda wa pumzi moja. Kisha akakosa haki ya kuendelea kumchukia.

Ndipo Onyancha alipokiona kitabu. Akakivuta kwake kwa kidole. Alisoma jina, akasoma tarehe, akasoma "imelipwa", na wino ukamchafua kidole. Dorcus alimwona akihesabu upya.

"Nani amekuambia uandike hii?"

Akisema ni Mama Phyllis, mama anakwenda na askari, na ile bahasha nyeupe inarudi mkononi mwa Onyancha. Jambo hilo Dorcus hakuhitaji kuelezwa.

"Hakuna," akasema. "Nimeandika mwenyewe. Mmeingia mkamkuta mama akinisalimia tu."

Ulikuwa uongo wake wa tatu kwa juma moja, na wa pekee ambao haoni aibu nao mpaka leo.

Askari alikuwa tayari ametoa pingu. Huenda yangeishia hapo. Lakini Mama Phyllis aliinyosha mikono kuchukua leso yake, haraka mno, na Onyancha, ambaye maisha yake yote amekula kwa kutazama mikono ya watu, akaiwahi yeye. Chini ya leso palikuwa na pasipoti.

Aliifungua. Akaitazama picha, akamtazama mzee.

Mzee Johana alipapasa mfuko wa ndani wa koti, pale alipokuwa na hakika ameiweka tangu Ijumaa. Mkono ukatoka mtupu. Akamwangalia mkewe, na Dorcus aliona uso wa mtu anayeelewa mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba mkewe alikuja hapa kumwibia tiketi wakati yeye anaiuza roho yake kuipata, na kwamba hakuna kati yao aliyemwambia mwenzake.

Askari akaurudisha mlango, akaufunga.

"Mzee, sasa uchague maneno," Onyancha akasema, bila kelele. "Kama mama alikuja peke yake bila wewe kujua, yeye anabaki na huyu askari, wewe Jumanne unakwenda kwa mjukuu wako. Kama mlipanga pamoja, nirudishie bahasha yangu. Ni gani?"

Dorcus akataka kusema tena kwamba ni yeye, yeye peke yake. Askari alimshika bega akamkalisha.

Mama Phyllis alimwambia mumewe jambo kwa Kipsigis. Maneno matatu tu, kwa sauti ya mtu anayekumbusha mwenzake kufunga lango la ng'ombe. Dorcus hakuyaelewa, ila jina la Chepkorir alilisikia.

Mzee Johana aliyaelewa. Akatoa ile bahasha mfukoni, akaishika kwa mikono miwili, na kwa mara ya kwanza tangu aingie akamtazama Dorcus usoni.